Paka kalichanachana kochi la hela ya korosho

SWALI: Shangazi shikamoo, mi nipo Mtanda hapa Lindi mjini. Msimu uliopita baba watoto alivyouza korosho akaniambia haya sema unataka nini, nikasema makochi, maana yale ya zamani mgeni akikaa tu mbao zinamchoma. Fundi akatutengenezea seti nzuri ya kitambaa, rangi ya maziwa, laki nane na nusu ikatoka. Sasa tuna paka dume, tulimchukua sababu ya panya walikuwa wanatoboa magunia stoo, na kweli panya wameisha ila yeye ndo kahamia kwenye kochi. Kila akiamka anaenda mkono uleule wa kulia wa kochi kubwa, anajinyoosha, krrr krrr, saa hizi sponji iko nje kama utumbo. Nimemrushia ndala, nimepaka pilipili, baba watoto akapaka mafuta ya taa nyumba nzima ikanuka kibatari, paka akahamia mkono wa kushoto. Mzee anasema ama ang'olewe kucha ama amtie kwenye kiroba akamwache soko la samaki. Watoto wanalia. Nifanyeje?
Mama Makochi, Lindi

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Na hiyo rangi ya maziwa kwenye nyumba yenye watoto na paka tutaiongea siku nyingine.

Kwanza mwambie baba watoto huyo paka hamkomoi mtu. Fagia vizuri hapo chini ya kochi uangalie, utakuta vitu vidogo vyeupe vimepinda, ndani vitupu, kama kucha isiyo na mtu. Hilo ni ganda la juu la ukucha limechakaa, kila akikwarua linabanduka na chini yake kuna ukucha mpya mkali. Halafu anajinyoosha mgongo na mabega, ndo maana ni kila akiamka. Na kwenye nyayo zake kuna vitezi vya harufu, sisi hatuisikii ila yeye akipita anajua hapa ni kwangu, kwahiyo anarudi palepale. Sasa kitu cha kuzaliwa nacho hivyo utamwachisha kwa ndala? Atakachojifunza ni kukwarua ukiwa umetoka.

Mafuta ya taa acheni leo hii. Paka anajilamba miguu kutwa, yakimwingia ni sumu, na hiyo pilipili akijipangusa nayo usoni inamuingia machoni. Ukitaka kumchukiza weka selotepu ile inayonata pande zote mbili hapo kwenye mikono ya kochi, paka hapendi kitu kinachomnata miguuni, au funika nailoni ngumu kwa muda. Kabla hujaweka pafute na maji ya sabuni ile harufu yake ipungue.

Lakini kumzuia tu bila kumpa pa kukwarua ni kumhamisha kutoka kochi kwenda kabati, ndo hapo mnapokosea wengi. Na nyie wa Lindi ndo wa kuniuliza mi shangazi yenu habari ya kamba wakati mkonge mnao Kikwetu hapo? Chukua kipande cha mti kinene kama paja, kirefu futi tatu hivi, maana paka mzima akisimama akajinyoosha kifupi hakimtoshi. Kipigilie kwenye ubao mpana uwe kitako, kisimame imara kabisa, kikimyumbia siku ya kwanza hakigusi tena. Kizungushie kamba ya katani kuanzia chini mpaka juu, mizunguko ibanane. Usichukue ya manila eti kwasababu haichakai, ile inateleza na yeye anataka kitu cha kung'ang'ania, kikachanika, akaona kazi yake.

Sasa watu wakishatengeneza wanaenda kukiweka uani nyuma ya pipa. Weka hapohapo sebuleni ubavuni mwa ule mkono wa kulia, hata kama wageni watacheka. Usimshike miguu ukamsuguza kwa nguvu, utamtia woga. Chezesha uzi juu yake, arukie mwenyewe, akikwarua hata mara moja mpe dagaa papo hapo. Akishazoea, na inaweza kuchukua wiki kadhaa, ndo uanze kukisogeza kidogokidogo, shibiri moja leo, nyingine kesho kutwa, mpaka unapotaka kikae.

Kucha zinapunguzwa, haziondolewi. Mshike akiwa na usingizi, bonyeza kidole taratibu ukucha utokeze, utaona ncha nyeupe na huku nyuma pana wekundu. Kata ile ncha tu, kwenye wekundu kuna damu na maumivu, wiki mbili tatu unarudia. Ila kama usiku analala nje na mbwa wapo mtaani mwachie, ndo silaha yake na ndo ngazi yake ya kukimbilia juu ya mwembe. Hiyo habari ya kung'oa mzee aisahau kabisa, ukucha wa paka umeota kwenye mfupa, kuung'oa ni kumkata kile kipande cha mwisho cha kidole, vyote. New York walipiga marufuku mwaka 2019, Uingereza nako hairuhusiwi.

Na akimtia kiroba, panya wakirudi wale hawakwarui juu, wanaingia ndani ya sponji wanazaa humohumo. Muulize anataka lipi. Siku fundi akija kurekebisha mwambie alete kitambaa kilichosukwa kubana kama mahameli, vile vya nyuzinyuzi zimelegea vinamwita paka kwa jina.

SWALI: Shangazi, wa kwangu hana shida na makochi, ni mlango wa chumbani, mninga mzuri kabisa, kila alfajiri anaukwarua mpaka rangi imetoka. Mikindani.

JIBU: Nani anamfungulia? Nakisia ni baba akitoka kwenda msikitini, akishamfungulia anampa na mabaki ya samaki. Basi kashajua kuwa akikwarua anakula. Paka alfajiri na magharibi ndo saa zake za kuchangamka, hutambadilisha. Mchezeshe jioni achoke, chakula chake kikubwa umpe usiku mkikaribia kulala, na asubuhi baba apite zake bila kumpa kitu, ale nusu saa baadae mkononi kwa mtu mwingine. Siku za mwanzo atakwarua zaidi kuliko zamani, pigilia kipande cha bati hapo chini ya mlango na mvumilie, mkifungua hata siku moja mnaanza upya.