Inbox ilivyonipotezea mteja, na ninavyoishika sasa

Nauza madera na vitenge kwa simu tangu 2019, na kilichonipa tabu kuliko hata kutafuta mtaji ni inbox ya WhatsApp. Mwaka wangu wa pili dada mmoja wa Mbagala alinitumia meseji saa tano usiku, anataka madera sita ya sare kwa kicheni pati ya mdogo wake, nikaisoma nikiwa kitandani nikasema ntamjibu asubuhi, asubuhi zikaingia zingine kibao, yake ikazama huko chini. Nakuja kuiona siku ya nne, shughuli imeshapita. Nikampigia kumuomba radhi, wala hakunitukana, akasema tu "dada angu, tiki za bluu niliziona nikajua upo." Iliniuma sana.

Toka siku ile, meseji nikiifungua na siwezi kuijibu muda huo naishikilia kidole, naiweka kama haijasomwa, ile alama ya kijani inabaki hapo kunikumbusha. Yeye tiki za bluu atakuwa ameshaziona, kwa hiyo namwandikia hata mstari mmoja, "nimeiona mpenzi, nitakupa jibu kabla ya saa sita." Mtu akipewa saa anasubiri vizuri tu. Halafu hamia WhatsApp Business, ni bure, ina lebo, unamuwekea kila mteja yake: oda mpya, hajalipa, amelipa, mzigo umetoka. Mimi bila lebo siku hizi siwezi kabisa.

Sasa nanyi mnaotuma. Jamani "Mambo" peke yake halafu kimya, mtu najibu "poa" narudi kufunga mzigo, nikishika simu tena nakuta "upo?", mpaka tufike kwenye dera lenyewe jua limezama. Salamu ni lazima, hatukulelewa kuvamia watu na shida bila kupiga hodi, ila salamu na shida viweke kwenye meseji moja: "Habari za asubuhi dada, naulizia lile dera la bluu la jana, mvaaji ana kilo 80, nipo Tabata, bei na boda jumla shilingi ngapi?" Hiyo naijibu kwa mara moja na hela inaingia. Na voisi za dakika nne tuhurumiane, mwenzio yuko kwenye daladala.

Wauzaji wenzangu, msiwaburuze watu kwenye magrupu bila kuwauliza. Tumia orodha ya matangazo (broadcast), unaandika mara moja kila mtu anaipata kwenye chati yake mwenyewe, inabeba watu 256, na inamfika aliyeseva namba yako tu, kwa hiyo mteja akishapokea mzigo muombe akuseve hapohapo akiwa na furaha.

Kuhusu hela. Ukiona kwenye chati imeandikwa meseji zitafutika baada ya saa 24, au siku 7, au 90, makubaliano yote ya bei piga skrinshoti siku hiyohiyo, mimi nilishabishana na muuza jumla mmoja sina cha kuonyesha. Na mtu akikuomba ile kodi ya WhatsApp ya tarakimu sita iliyoingia kwenye simu yako usimpe, hata kama jina linalosoma ni la dada yako wa tumbo moja, maana anayeandika anaweza asiwe yeye kabisa, akaunti yake imeshachukuliwa na yako ndo inafuata. Piga simu usikie sauti. Weka na ile PIN ya uthibitisho wa hatua mbili leoleo. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usiishie kufuta tu, kwa Tanzania namba ya tapeli unaituma kwenda 15040, ni bure.

Usiku kabla sijalala napitia chati nikianzia chini kabisa kupanda juu, kwa sababu aliye chini ndo amesubiri zaidi. Inachukua kama nusu saa hivi, watoto wakiwa wameshalala.