Maswali ya Wasomaji: Maktaba ina ukurasa, mbona watu wako kimya?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mkutubi kwenye maktaba ya umma, tulifungua ukurasa wa Facebook na grupu la WhatsApp, kila wiki tunaposti majalada ya vitabu vipya, saa za kufungua na "karibuni nyote", lakini komenti hakuna, watu wanapita tu. Bosi anasema tufunge tusipoteze muda. Tunakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Msifunge kwanza. Tatizo umelitaja mwenyewe hapo juu, jalada, saa, karibuni, sasa mtu akomenti nini? Hayo ni matangazo ya ubaoni yamehamia kwenye simu, mtu analisoma anaendelea na mambo yake. Watu wanafunguka pale wanapoulizwa kitu ambacho wao wanakijua na nyie hamkijui.

Angalia walichofanya Maktaba ya Bunge la Marekani. Januari 2008 walichukua picha zao za zamani kama 3,100 hivi wakazipandisha Flickr, mtandao wa kuweka picha, na karibu nusu yake zilitoka kwenye shirika la habari la zamani linaitwa Bain, maelezo yake kiduchu sana, nyingine ni jina la ukoo tu limeandikwa kwenye kioo cha picha basi. Wakawaomba watu waweke tagi, yaani maneno mafupi ya kuitafutia picha, na waandike chochote wanachokijua, na watu wakaja kweli, huyu anasema huyo bwana ni fulani, yule anasema hilo jengo liko mtaa gani, mwingine kaenda kuchimba gazeti la miaka ileile kaleta na linki. Mwaka haujaisha tagi zilishapita 67,000. Na sehemu ninayoipenda mimi kuliko zote ni hii, wakutubi hawakuziacha zile komenti zilalie hukohuko Flickr, walizikagua, na zilizothibitika wakaziingiza kwenye katalogi, ile orodha rasmi ya vitu vya maktaba, rekodi kama 500 zikaboreshwa. Yaani mtu ambaye hajawahi kukanyaga mlango wa maktaba ile, alichokiandika akiwa kwake usiku kimeingia kwenye kumbukumbu zao. Ukimfanyia mtu hivyo mara moja tu hakuachi tena.

Maktaba ya Taifa ya Australia nao walianza kitu cha namna hiyo 2008 kwenye magazeti ya zamani. Yalipigwa picha, kompyuta ikasoma herufi, na kompyuta ikikutana na wino uliofifia inachanganya, r na n zikibanana yenyewe inasoma m, kwa hiyo ukitafuta jina la babu yako halitokei na wakati limo humo humo. Wakaruhusu yeyote asahihishe mstari kwa mstari, na mpaka leo kwenye Trove, tovuti ya maktaba hiyo ya kutafutia magazeti hayo, watu wanaendelea, mistari iliyosahihishwa ni mamilioni kwa mamilioni.

Sasa wewe anza na kitu kidogo ambacho mmekwama nacho kweli. Sitashangaa mkiwa na boksi la picha zisizo na majina mahali fulani. Toa moja, posti, uliza "nani anamjua huyu aliyesimama kushoto?" Halafu, na hapa ndo kurasa nyingi zinapofia, mjibuni mtu. Akileta jina msimwachie laiki tu, muulize amejuaje, andika kwenye rekodi, mrudie umwambie tumeshaingiza. Hii ni kazi kama kazi nyingine za maktaba, iwe na mtu wake na saa zake, sio kitu cha kufanya mtu akipata nafasi. Afadhali ukurasa mmoja unaojibu kuliko mitano iko kimya.

Kama wenzako kazini wanaiogopa mitandao, mwaka 2006 kwenye maktaba ya Charlotte na Mecklenburg huko Marekani, Helene Blowers alianzisha mafunzo ya "vitu 23", wafanyakazi wanajifunza wenyewe taratibu, leo unafungua blogu, kesho unapandisha picha, unaweka tagi, unahariri ukurasa wa pamoja kama wa Wikipedia, na waliomaliza walipewa kicheza muziki cha MP3. Maktaba za nchi nyingine zikauiga. Bosi naye aingie, tena awe wa kwanza, manake mtu akishajibiwa komenti yake mwenyewe anaelewa haraka kuliko umwandikie ripoti.

Jingine, akaunti isifunguliwe kwa namba ya simu ya mfanyakazi mmoja, akihama kazi ukurasa umeondoka naye. Na vitu vizuri watu wanavyowaletea vihifadhiwe kwenye katalogi au tovuti yenu wenyewe. Google+, mtandao wa kijamii wa kampuni ya Google, ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019, ambaye hakuwa na nakala yake pembeni ndo basi tena.

SWALI: Sisi tunataka katalogi yetu ya mtandaoni ipokee tagi na maoni ya wasomaji, ila bodi inaogopa matusi na inasema wasomaji watatuharibia mpangilio. Tuwaambie nini?

JIBU: Waambieni kwenye zile picha za Flickr, komenti zilipita 7,000 na tagi maelfu kwa maelfu, vilivyobidi kufutwa kwa kukosa adabu havikufika 25. Sisemi na nyie itakuwa hivyohivyo, vitabu vya siasa na dini vinachemsha watu, kwa hiyo andikeni sheria fupi mapema, kitabu kikosolewe watu watakavyo ila mtu asitukanwe. Na komenti inayowakosoa nyie maktaba msiifute, ijibuni.

Kuhusu mpangilio, tagi hazifuti mada mlizopanga nyie, zinakaa pembeni yake. Katalogi imeandika "shinikizo la damu", mgonjwa anatafuta "presha", akikosa anaondoka anajua kitabu hamna. Tagi ya msomaji mwenzake ndo itamfikisha.

SWALI: Mimi ni msomaji tu. Niliuliza kwenye ukurasa wa maktaba kama naweza kuongezewa muda wa kitabu, admini akanijibu palepale hadharani akataja kitabu chenyewe, na kinahusu ugonjwa, sasa ndugu wameanza kuniuliza maswali. Ni sawa?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, si sawa kabisa. Unachoazima ni siri kati yako na maktaba, na hata kanuni za maadili za IFLA za mwaka 2012, hilo ndo shirikisho la kimataifa la maktaba, zinawataka wakutubi walinde faragha ya msomaji. Admini alitakiwa akwambie "tumekufuata inbox" basi. Piga skrinshoti kwanza, halafu waandikie inbox leo waifute, na wewe futa swali lako. Isipofutwa nenda kaunta umwombe mkutubi mkuu mwenyewe, umwonyeshe hiyo skrinshoti.