Kuandika kichekesho cha redio cha wanamaji wa Uingereza: nilipokosea mimi

Mkuu, umeuliza mtu ambaye hajawahi kuvaa sare anawezaje kuandika kichekesho cha redio cha kuwadhihaki wanamaji wa Uingereza, na aanzie wapi. Nachangia kwa sababu niliishi Portsmouth, mji wa bandari ya wanamaji hao, miaka kadhaa, nikawa naiandikia redio moja ndogo ya watu wa kujitolea vipande vya dakika kumi. Ubaharia sikuwa nao hata kidogo. Nilikuwa naosha vyombo hotelini.

Anza kwa kusikiliza The Navy Lark ya BBC. Ilianza 1959 ikaenda hadi 1977, nusu saa kila kipindi, na mwandishi wake mkuu alikuwa Lawrie Wyman. Meli yao inaitwa HMS Troutbridge. Ilikuwepo meli ya kweli iitwayo HMS Troubridge. Jamaa wakachomeka herufi moja tu, manowari ikapata jina la samaki wa mtoni. Hapo mtu hajafungua mdomo na dhihaka imeshaanza.

Halafu msikilize Luteni-usu Phillips wa Troutbridge, ndiye wa kuongoza njia. Baharini amri ya usukani ina utaratibu: unataja upande, unataja nyuzi (digrii), mshika usukani anairudia neno kwa neno. Phillips anatoa amri kama utingo anayerudisha lori sokoni: kata kushoto kidogo, kidogo tena. Kisha mshindo. Miaka yote hiyo watu walicheka kitu kilekile, maana ukishasikia ile sauti ya utingo unajua gati limekwisha, unabaki kusubiri tu.

Mimi hilo sikuliona. Katika kipande changu cha kwanza kapteni alifoka kurasa tatu. Nikampa mzee mmoja mstaafu, zamani alikuwa chifu (cheo cha baharia mwandamizi asiye afisa) wa stoo melini. Alisoma kantini, akamaliza chai yake, hakucheka hata mara moja. Akaniambia, "Kijana, mambo yakiharibika kweli, kapteni sauti yake inashuka. Ukimsikia anasema asante, anza kufunga begi."

Nikakifuta chote. Kilichobaki kilikuwa hivi (naweka kwa Kiswahili, na "afande" ndilo neno letu pale):

Chuma kinakwaruza. Kimya. Kijiko kinatetemeka kwenye kisahani.
KAPTENI: Luteni, kile ni nini?
LUTENI: Gati, afande.
KAPTENI: Jana lilikuwepo?
LUTENI: Kwenye ramani lipo, afande.
KAPTENI: Asante sana.

Mkwaruzo tuliutoa kwa kuburuta pipa la taka sakafuni, kijiko nikakitikisa mwenyewe juu ya kikombe mbele ya maiki. Walichocheka watu ni kijiko. Redioni msikilizaji haoni meli, lakini kijiko kinamwambia kwamba kuna mtu alikuwa anakunywa chai yake kwa amani, na sasa amekishika kisahani kwa mikono miwili. Mzee wangu naye alicheka safari hii, pale kwenye "jana lilikuwepo?" Akasema yeye aliwahi kulisikia swali hilo. Meli gani, hakutaja.

Sasa dhihaka yenyewe. Usiipeleke kwenye mizinga, ipeleke stoo na kwenye fomu. Chifu Pertwee wa Troutbridge anauza mali ya serikali kama duka lake. Nchi kavu yuko Kamanda Povey, anaiona meli ile kama mkosi aliotupiwa, na juu yake wako maadmeri anaowaogopa. Kwa hiyo kila mtu ana jambo la kumficha aliye juu yake. Sisi husema manahodha wengi chombo huenda mrama. Pale nahodha ni mmoja na chombo kinakwenda mrama vilevile, ila fomu zote zimejazwa. Na Jon Pertwee, aliyemwigiza huyo chifu, alitumikia jeshi la wanamaji la Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili. Alihamishwa kutoka manowari HMS Hood muda mfupi kabla haijazamishwa Mei 1941, ambapo kati ya watu zaidi ya 1,400 walipona watatu. Watu wa aina ile aliishi nao.

Ukitaka kisa cha kweli cha fomu dhidi ya baharia, chukua tarehe 31 Julai 1970, siku mgao wa kila siku wa ramu (pombe kali) kwa mabaharia ulipokomeshwa. Baadhi ya mabaharia waliufanyia mazishi ya utani, na vitambaa vyeusi mkononi. Kama unamtafuta afisa wa kumpa kazi ya kuhesabu vikombe vilivyobaki, huyo hapo.

Lugha yao usiiogope. Choo wao wanakiita kichwa, kwa sababu enzi za matanga kilikuwa omo, yaani mbele ya chombo. Ukiandika kwa Kiswahili, omo, na tezi na shetri za nyuma ya chombo, tunayo toka zamani, tumia hayo.

Ukiwa na kipande kiweke hapa tukisome. Andika na milio yake, maneno matupu hayatatusaidia kuona gati liko wapi.