Kabla hujachagua Fasihi ya Kiingereza chuo, soma hii kwanza

Kila kipindi cha kuomba vyuo lazima nipate meseji, eti kozi ya fasihi ya Kiingereza ikoje. Wengi wanaouliza ni watu wanaopenda riwaya, wengine Kiingereza chao kimekaa vizuri wakaona humu watateleza tu. Sasa nisikilize: hakuna mtu atakayekufundisha Kiingereza humo ndani, wanachukulia unacho tayari, na kupenda hadithi kunasaidia ila sio kazi yenyewe. Kazi yenyewe ni kukaa na kipande kidogo cha maandishi muda mrefu kuliko mtu wa kawaida anavyoweza kuvumilia, halafu kubishana juu yake kwa ushahidi.

Nianze na mzigo wa kusoma maana ndo unaowakimbiza watu wiki za mwanzo. Unapangiwa riwaya nzima wiki moja, na kozi nyingine nazo zina zake. Bleak House ya Dickens, kwa mfano, ilitoka kipande kipande kila mwezi kuanzia 1852 mpaka 1853, yaani msomaji wa enzi hizo alikaa nayo mwaka na nusu, we unaambiwa uje umeimaliza kwenye semina ijayo. Ujanja ni kuomba silabasi mapema na zile nene kuzisoma likizo. Vitabu vya zamani haki miliki yake imeshaisha, vingi viko bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, so usikimbilie kununua kila kitu, ila kwa Chaucer, mshairi wa karne ya 14, na Shakespeare tafuta toleo lenye maelezo chini ya ukurasa, usijitese bure. Na hutasoma kila kitu kwa kasi moja, hakuna anayeweza, hata wale wanaojifanya wanaweza.

Halafu sasa kuna usomaji wa karibu, yaani mstari kwa mstari, na hapa ndo roho ya kozi ilipo. Jamaa mmoja wa Cambridge anaitwa I. A. Richards aliwahi kuwapa wanafunzi wake mashairi bila jina la mtunzi wala mwaka, akawaambia waandike wanachoona, wengi wakapotea vibaya, akachapisha matokeo mwaka 1929. Mpaka leo vyuo vingi vinakupa zoezi la aina hiyo hiyo, mpaka kwenye mtihani.

Ngoja nikuonyeshe inavyofanya kazi. Soneti za Shakespeare, yaani mashairi mafupi, ziko 154, zilichapishwa 1609, na nyingi muundo wake ni mmoja, mistari 14. Chukua ya 18, ile anayomlinganisha mtu na siku ya kiangazi. Mstari wa 9 unaanza na "lakini" na wazo la shairi linageuka hapo hapo. Sasa chukua ya 130, anamchambua mpenzi wake macho, nywele, mpaka harufu ya pumzi, na anaendelea tu, hageuki mpaka mstari wa 13, imebaki mistari miwili shairi liishe. Kwa nini huku kachelewa hivyo? Ukijiuliza hilo swali na ukajibu kwa kunyooshea kidole maneno yaliyopo pale, tayari una esei. Sikutanii. Esei nyingi nzuri nilizowahi kusoma zilianza na kitu kidogo namna hiyo, na mbovu nyingi zilianza na "tangu zamani binadamu amekuwa akipenda".

Kosa kubwa kwenye esei ni kusimulia hadithi upya. Mwalimu ameshasoma kitabu, anajua nani alikufa. Anachotaka ni dai ambalo mtu mwingine mwenye akili zake anaweza kulipinga, kama hakuna anayeweza kulipinga basi bado hujasema kitu. Ndo maana ule muhtasari wa kwenye mtandao unakusaidia kukumbuka majina ya wahusika tu, kwenye maksi hauna msaada.

Nadharia, yaani mawazo makubwa ya namna ya kusoma maandishi, itakutisha. Utakutana na kina Saussure wa isimu, Marx wa uchumi na siasa, Freud wa saikolojia, na mhakiki Mfaransa Roland Barthes anayetangaza kwamba mwandishi amekufa, yaani nia ya mwandishi sio inayoamua maana, alisema hivyo 1967, na ukurasa wa kwanza utausoma mara nne bila kuambulia kitu. Kawaida kabisa. Usianze na nadharia ukaibandika juu ya kitabu, anza na kitu kinachokusumbua ndani ya kitabu halafu ndo utafute nani atakusaidia kukieleza. Mfano ninaoupenda ni Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, mwaka 1975 alitoa mhadhara akamshambulia mwandishi Joseph Conrad kwamba riwaya yake Heart of Darkness ni kitabu cha kibaguzi, watu wakachachamaa. Leo vyuo vingi vinafundisha riwaya na ile hotuba pamoja, na we unatakiwa uingie katikati useme lako.

Semina: ongea mapema, hata kama ni kuuliza tu mstari fulani una maana gani. Ukinyamaza wiki za mwanzo, kuanza baadae ni kugumu mno.

Kazi je? Hakuna njia iliyonyooka kama ya udaktari, tusidanganyane. Watu wanaishia kwenye ualimu, uhariri, uandishi wa habari, tafsiri, wengine wanaongeza sheria. Wale ninaowaona wanapata kirahisi ni wale ambao wakiwa bado chuo walikuwa tayari wanaandika au kuhariri mahali, gazeti la wanafunzi, blogu, popote, kwa hiyo hilo usisubiri mwaka wa mwisho.

Na kama bado unasitasita, jipime hivi kabla hujatuma maombi: chukua hizo soneti mbili nilizotaja, kaa nazo saa nzima na penseli, simu weka mbali. Kama saa imeisha na bado una vitu vya kuandika pembeni, jaza fomu. Kama dakika ya kumi umeshachoka ila muundo wa lugha yenyewe ndo unakuvutia, angalia isimu, na kama ulikuwa unatamani kuandika za kwako badala ya kuchambua za wengine, zipo kozi za uandishi wa kubuni.