Meneja mgeni, misiba, na neno "baba"

Mkuu, umeuliza kama semina ya siku moja ya utamaduni itamtosha meneja mnayemleta kutoka nje. Mimi nilikaa miaka sita ofisi ya utumishi kwenye shamba la maua la Waholanzi, Arusha. Haitamtosha.

Meneja wetu alipitia semina kama hiyo. Alifika anajua kuitikia "marahaba" na hampi mtu kitu kwa mkono wa kushoto. Januari, oda za Valentine zimepamba moto, fundi wa umwagiliaji akaja kuomba ruhusa: amefiwa na baba. Meneja akafungua faili lake. Mwaka uliotangulia fundi huyohuyo alishazika baba. Nikaitwa niandike barua ya onyo kwa udanganyifu.

Jamaa hakudanganya. Wa kwanza alikuwa baba mzazi; huyu ni baba mkubwa, aliyemlea na kumlipia ada. Kwetu wote ni baba. Kwa lugha ya meneja, huyu wa pili hana tofauti na mjomba. Na sheria ilikuwa upande wa meneja: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa angalau siku 4 zenye malipo kwa msiba wa mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, na kaka au dada. Baba mkubwa hayumo.

Nilisubiri watu watoke ofisini ndipo nikamwambia amekosea. (Geert Hofstede, Mholanzi mwenzake, alichambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM wa nchi nyingi akakuta tofauti kubwa hapo: kwingine mdogo humpinga bosi hadharani, kwingine haiwezekani.) Nikamchorea ukoo nyuma ya karatasi ya oda, karibu saa nzima. Barua akaichana. Lakini kuelewa, alielewa Jumamosi tulipokwenda kuzika. Daftari la rambirambi lilisomwa, jina kwa jina na kiasi chake, akaninong'oneza: "Kampuni imo?" Ilikuwamo, kwa sababu wafanyakazi walichangishana wakaandika jina la kampuni. Alinyamaza njia nzima kurudi.

Na sisi tulikuwa na letu la kujifunza. Nilidhani ana roho ngumu, kumbe alikuwa na hofu. Fundi alikuwa mmoja tu. Maji yakikosekana kwenye grinihausi siku ya jua kali, waridi zinalegea, na mzigo unaosubiriwa kwenye mnada wa maua wa Aalsmeer, Uholanzi, haumsubiri mtu. Hakuna aliyewahi kutukalisha akatueleza hesabu hiyo. Tulipomfundisha kijana wa pili kushika valvu, ugomvi wa ruhusa za misiba ulipungua sana.

Jambo dogo lakini lilitusumbua: akiuliza "Mmeelewa?" wote "Ndiyo, bosi." Ile "ndiyo" maana yake "tumekusikia". Nilimshauri aulize "Mtaanzia wapi?" Hapo ndipo maswali yalipoanza kutoka.

Kwa hiyo, mkuu, hela ya semina punguza. Tafuta mtu mmoja wa kukaa karibu na meneja miezi sita ya mwanzo, mtu mzima, anayeheshimika na wafanyakazi, na uandike kwenye majukumu yake kwamba ana haki ya kumwambia meneja "hapana" bila kuadhibiwa. Kwetu alikuwa mama wa stoo. Barua zote za onyo zilipitia kwanza mezani kwake.