QS (ukadiriaji majenzi) Ardhi ipo, jina tu ndo tofauti
Mdogo wangu unayeuliza mbona huioni QS Chuo Kikuu Ardhi, ipo bwana, tafuta Building Economics, miaka 4, wengi wanairuka kwa sababu ya jina tu. Hesabu zenyewe wala sio za kutisha, shughuli ipo kwenye kusoma ramani, plasta unapima kwa mita za mraba alafu unatoa milango na madirisha, zege mita za ujazo, nondo kwa kilo, ukisahau lenta, BOQ (orodha ya vipimo na gharama za ujenzi) imeshayumba. Likizo nenda saiti hata kwa fundi wa mtaani ushike tepu. Na degree peke yake haikufanyi mkadiriaji majenzi, AQRB, bodi ya usajili wa wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, ndo wanasajili, hapo kuna mafunzo kazini na mtihani wao