Maswali yenu: zaka, hazina ya Salt Lake na suruali ya Orderville

Barua nyingi za safari hii zinahusu Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao makuu Salt Lake City, Utah, Marekani, ambalo wengi bado mnaliita la Wamormoni. Mimi ni muumini, na nitajibu kama muumini.

Je, ni kweli mnaoa wake wengi? (Msomaji, Nakuru)

Hapana. Kanisa lilitangaza kukomesha mitala mwaka 1890. Hata hapa Kenya, ambako Sheria ya Ndoa ya 2014 inairuhusu, mwenye wake wawili habatizwi. Swali hili limejibiwa mara nyingi kwenye ukurasa huu. Naomba mnaoandika msome kwanza.

Zaka ni kabla ya makato ya mshahara au baada? (Msomaji, Mombasa)

Kanisa halikupangii. Barua ya 1970 ya Urais wa Kwanza, yaani uongozi mkuu wa kanisa, inasema ni sehemu ya kumi ya mapato, na kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kuongeza neno hapo. Amua wewe na Mungu wako.

Nauza sukuma wiki na nyanya. Nikitoa zaka, karo haitimii. Nisipotoa, nasikia umaskini hautaniondoka. Nifanyeje? (Mama wa watoto watatu, Nairobi)

Mama, umenigusa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Najua ulikosikia hilo. Aprili 2018 Russell Nelson, aliyekuwa rais wa kanisa letu, alipozuru Nairobi alifundisha kwamba zaka ndiyo njia ya kuvunja mnyororo wa umaskini unaorithiwa kizazi hadi kizazi. Mimi hutoa zaka na nitaendelea kutoa. Lakini baadhi yetu tumeligeuza fundisho hilo kuwa biashara na Mungu: weka kumi, uvune mia. Zaka ni ibada. Anayekuahidi faida kwa tarehe fulani amesema lake, si la kanisa.

Sasa tupige hesabu. Ukiuza mboga za shilingi 2,000, na 1,400 kati yake ulinunulia mzigo alfajiri, chako ni 600. Mimi ningetoa zaka ya 60, si 200. Akina mama wengi sokoni hutoa kwenye mauzo yote, mtaji unakatika, kisha wanadhani imani yao ndiyo ndogo.

Pili, zungumza na askofu wako, yaani kiongozi wa usharika wenu. Jumapili ya kwanza ya mwezi tunafunga milo miwili, na thamani ya chakula hicho ndiyo matoleo ya mfungo. Fedha hizo ni za wenye shida, na si mkopo. Usione haya.

Tatu, na hili hukuniuliza: usikope kwa simu ili utoe zaka. Usithubutu. Tangu 1938 mzee J. Reuben Clark, mmoja wa viongozi wakuu wa kanisa, alituonya kwamba riba hailali wala haiugui, na wakati huo hapakuwa na mkopo unaoingia ukiwa umelala kitandani. Nimeona nyumba zikivunjika kwa mikopo hii, waumini na wasio waumini.

Nikibatizwa, kanisa litanisomesha Marekani? (Wengi mno)

Hapana. Mfuko wa Kudumu wa Elimu, uliotangazwa mwaka 2001 na Gordon B. Hinckley, rais wa kanisa wakati huo, ni mkopo wa kusomea huko huko uliko, na unarudishwa ili mwenzako naye akope. Kama unatafuta viza, nenda ubalozini, usimsumbue Mungu kwenye maji ya ubatizo.

Babu yangu aliishi kijiji cha ujamaa. Eti Wamormoni nao waliwahi? (Msomaji, Dodoma)

Ndiyo, na mfano mzuri ni Orderville, kusini mwa Utah, kilichoanzishwa 1875. Mali ilikuwa ya wote, chakula kililiwa kwenye ukumbi mmoja, na nguo zilishonwa hapo hapo kwa mtindo mmoja. Husimuliwa kisa cha kijana aliyetamani suruali ya dukani. Wanakondoo walipokatwa mikia, aliiokota, akakusanya manyoya yaliyotupwa, akayauza mjini, akarudi na suruali mpya. Wazee walimwita. Walimsifu kwa bidii, kisha wakaifumua suruali ile iwe kielelezo cha kushonea zote zijazo. Kuanzia siku hiyo vijana wakaanza kusugua suruali zao kuukuu kwenye jiwe la kunolea ili zichakae upesi!

Orderville ilidumu miaka kama kumi. Utajiri wa migodi ya jirani uliwavuta vijana, na serikali ya Marekani ilikuwa ikiwabana Wamormoni kwa sababu ya mitala. Tofauti na Tanzania ni hii: pale mtu aliingia kwa hiari yake na aliweza kutoka, ilhali kuanzia 1973 familia nyingi za Kitanzania zilihamishwa kwa nguvu. Nalipenda Azimio la Arusha, nalipenda neno kujitegemea, lakini ushirika wa kulazimishwa humfundisha mtu kuficha.

Mbona kanisa lenu lina mabilioni na bado linataka zaka ya maskini? (Msomaji, Kampala)

Swali la haki. Februari 2023 SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya hisa Marekani, iliitoza Ensign Peak, kampuni ya uwekezaji ya kanisa, dola milioni 4, na kanisa lenyewe dola milioni 1. Kosa: kutumia kampuni 13 za jina tu ili ukubwa wa hisa, zilizofikia dola bilioni 32 hivi mwaka 2018, usionekane. Kanisa lilisema linajutia makosa na kwamba jambo limekwisha. Kwangu halijakwisha. Kuweka akiba ni busara, na maaskofu wetu hawalipwi hata senti. Lakini muuza mboga anayetoa shilingi 60 anastahili kusomewa hesabu, sawa na mwanachama wa chama chochote cha akiba. Nimelisema kanisani na ninalisema hapa.

Uchaguzi ukija mnamuunga mkono nani? (Msomaji, Eldoret)

Hakuna. Huko Marekani, Seneta Harry Reid wa chama cha Democratic, aliyefariki 2021, alikuwa wa kanisa hili, na Mitt Romney wa chama cha Republican ni wa kanisa hili pia; na Februari 2020 Romney, akiwa seneta, alipiga kura ya kumtia hatiani Donald Trump, rais wa chama chake mwenyewe, akitaja kiapo alichokula mbele za Mungu. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipokataa fedha za Rais Ruto nilifurahi kana kwamba ni kanisa langu. Mwanasiasa akija Jumapili, apewe kiti, aimbe na wenzake, na bahasha yake arudi nayo.